Mikorosho ya Baba Katika Shamba la Mjomba: Rai juu ya Kufundisha Msamiati wa Umiliki

Madhumuni ya makala hii si kuongeza istilahi katika orodha ndefu tuliyo nayo, wala si kuwasahihisha watunga kamusi. Nataka kueleza jambo nililolishuhudia nikiwa nimeketi nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, daftari la ukaguzi mapajani, na kutokana na jambo hilo nitoe rai juu ya namna tunavyowaandaa wanachuo wetu kufundisha msamiati wa Kiingereza. Neno lililohusika ni "proprietary". Baadhi ya wakufunzi wenzangu watasema kuwa neno hili halimfai mwanafunzi wa kidato cha pili, na pengine wanasema kweli. Lakini lilifundishwa, na fujo iliyozuka ilikuwa na mafunzo mengi kuliko vipindi vingi nilivyoviona vikienda kwa utulivu.

Mahali penyewe ni Masaki. Sisemi Masaki ya Dar es Salaam, penye balozi za nchi za nje na hoteli za ufukweni. Nasema kata ya Masaki katika wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, nchi ya Wazaramo, penye mihogo, minazi, miembe na mikorosho. (Dereva mmoja ambaye hakujua kuwa majina ni mawili alinipotezea nusu siku, lakini hilo si la makala hii.) Kwa kuwa Kisarawe iko jirani na Dar es Salaam, ardhi yake imekuwa ikitafutwa sana na watu wa mjini, na watoto wa huko huyasikia nyumbani maneno kama "hati", "mpaka", "shahidi" na "muhtasari wa kijiji" kabla hawajayakuta katika kitabu chochote.

Mwanachuo aliyefundisha alikuwa kijana mwenye bidii. Andalio lake la somo lilikuwa safi, malengo yameandikwa yakaandikika, na zana alikuja nazo: maboksi matupu ya dawa aliyoyaomba kwa muuza dawa. Kifungu cha habari kilihusu dawa na majina yake, na ndani yake mlikuwa na maneno "proprietary name". Akaliandika neno ubaoni, akatia alama ya sawasawa, na upande wa pili akaandika "-enye kumilikiwa". Kisha akawataka wanafunzi watunge sentensi zao.

Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliandika, kwa Kiingereza kilichonyooka kiasi, kwamba baba yake ana mikorosho "proprietary" katika shamba la mjomba wake. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akatia mkasi. Akaeleza kuwa mtu akimiliki shamba amemiliki na miti iliyomo, kwa hiyo sentensi haina maana. Darasa likaanza kunong'ona. Binti akasimama.

"Samahani mwalimu. Shamba ni la mjomba, lakini mikorosho ni ya baba. Aliipanda yeye."

"Sasa mwenyewe hapo ni nani?"

"Wote ni wenyewe, mwalimu."

Darasa likacheka, ila si kumcheka yule binti. Mwalimu akafuta ubao, akaenda kwenye neno lililofuata. Nami, ndugu msomaji, niliandika katika daftari langu: "Mwalimu amesahihisha kosa kwa ufasaha." Nitarudi kwenye mstari huo.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana sentensi ile kwa hakika ilikuwa na kosa, ila kosa lake silo lile lililosahihishwa. Neno "proprietary" lina asili yake katika neno la Kilatini "proprius", lenye maana ya kilicho cha mtu mwenyewe, kilicho chake peke yake, kisichochangiwa. Ukoo wake katika Kiingereza ni mkubwa. "Property" ni mali, "proprietor" ni mwenye mali, na wale waliowahi kusoma vibao vya maduka ya zamani katika miji yetu watakumbuka herufi "Prop." mbele ya jina la mwenye duka. "Propriety" ni kufanya yaliyo mwafaka kwa mtu wa cheo chake. Hata "proper noun", ile ambayo sisi katika sarufi tunaiita nomino ya pekee, ni ndugu wa damu. Mwalimu wa Kiswahili aliyechagua neno "pekee" kutafsiri nomino hiyo alifika kwenye kiini cha jambo: jina Kisarawe si la kila wilaya, ni la moja tu. Mwanachuo akionyeshwa kuwa "proprietary name" na nomino ya pekee ni mbegu za tunda moja, amepata ndoana ya kutundikia neno jipya. Ile alama ya sawasawa ubaoni haikumpa chochote cha kushika.

Kwa matumizi, "proprietary" haimaanishi tu kitu kilicho na mwenyewe. Kila kuku kijijini ana mwenyewe, na hakuna Mwingereza anayesema kuku "proprietary". Neno hutumika pale ambapo mtu au kampuni ina haki ya kuwazuia wengine wote wasitengeneze, wasiuze au wasiite kitu kwa namna ile ile. Uzito wa neno uko katika kuzuia. Ndiyo maana makazi yake makubwa ni katika dawa, mashine, fomula, programu za kompyuta na majina ya biashara. Liko pia katika historia: mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa William Penn nchi nzima huko Marekani, ile inayoitwa leo Pennsylvania, naye akaitawala kama "proprietor", ingawa nchi hiyo ilikuwa na wenyeji wake tangu kale. Na kuna matumizi ya tatu, ya utani kidogo, pale mtu anapoweka mkono juu ya lango au juu ya bega la mtu mwingine kwa namna ya mwenye mali. Matumizi haya mwanafunzi atayakuta katika riwaya, na asipofundishwa atadhani kuna hati iliyosajiliwa.

Mfano wa dawa ulikuwa mzuri, na inasikitisha kuwa uliachwa upesi hivyo. Dawa ya maumivu na homa ambayo karibu kila nyumba Tanzania huiita Panadol ina majina mawili. Paracetamol ni jina la dawa yenyewe, jina la wote, ambalo kiwanda chochote kinaruhusiwa kulitumia. Panadol ni jina la mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilianza kuchapisha orodha ya majina ya wote mwaka 1953, kusudi daktari wa Dar es Salaam na yule wa Cairo waelewane bila kulitangaza duka la mtu. Mwanachuo angewapa watoto maboksi mawili, moja la Panadol na jingine lenye paracetamol ya kiwanda kingine, akawaambia watafute neno linalofanana na neno lisilofanana, wangefika wenyewe kwenye maana ndani ya dakika tano. Tena wangegundua jambo la ajabu zaidi: kwamba kijijini "panadoli" limekuwa jina la kila kidonge cheupe cha homa, na hivyo jina la mtu mmoja limemezwa na umma bila mahakama. Aspirin ilikuwa hivyo. Lilikuwa jina la kampuni ya Bayer ya Ujerumani tangu 1899, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ikalipoteza katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Marekani. Mashamba ya Wajerumani katika Tanganyika yalichukuliwa na kuuzwa kutokana na vita hivyo hivyo, kwa hiyo mfano huu una upande wake wa nyumbani.

Sasa tugeukie Kiswahili, ambako ndiko kiini cha rai yangu kilipo. Wanachuo wetu hudhani kuwa Kiswahili kina neno moja la jambo hili, "miliki", na kwamba kazi ya mwalimu ni kulitoa mfukoni. Kiswahili kina jamii nzima ya maneno, na kila moja linaangalia jambo kutoka upande wake. Neno la asili yetu ya Kibantu ni "-enye". Mwenye nyumba, mwenye mji, mwenye shamba. Kutoka hapo tumepata "mwenyewe", "mwenyeji", na cheo cha kale cha pwani, "mwinyi". Neno hili halisemi chochote juu ya kuzuia. Linasema kuwa mtu yuko na kitu, kitu kiko naye, kama vile tunavyosema "nina kuku", yaani niko na kuku. Na mwenyeji, ambaye kwa sura ya neno ni ndugu wa mwenye mali, kazi yake tunayoijua sote ni kupokea wageni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Kiingereza, "proprietor" na mwenye kukaribisha wageni ni watu wawili wasiojuana.

"Miliki" limetoka Kiarabu, na limekuja na jamaa zake wa kifalme: milki, mamlaka, malkia. Ni neno la utawala juu ya kitu. ("Mali" nalo ni la Kiarabu, lakini lina shina jingine, wanachuo wengi huyachanganya kwa kuwa yanaanza na sauti zilezile.) "Hodhi" ndilo lenye ukali wa kuzuia: anayehodhi amejitwalia peke yake. "Ukiritimba" ni wa biashara. "Hataza" ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake.

Na kuna "hakimiliki", neno linalonipa taabu kuliko yote. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, na katika mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7. Katika sheria ya vijiji, mwanakijiji hupata hati ya hakimiliki ya kimila juu ya shamba lake. Katika ile ya Na. 7, hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya wimbo au kitabu chake. Neno ni lile lile, lakini mambo yanatofautiana kama mbingu na ardhi. Mwenye kitabu anaweza kuwazuia watu wote nchini wasikinakili, wala hakimpungukii kitu hata kikisomwa na watu elfu. Mwenye shamba halindi maneno, analinda mahali, na hata mahali penyewe si pake moja kwa moja.

Maana hapa ndipo mwalimu wetu alipoteleza. Aliposema "mtu akimiliki shamba" alikuwa akifikiri Kiingereza cha Uingereza, ambako mtu huweza kushika ardhi bila kikomo cha muda. Tanzania haina umiliki wa namna hiyo. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ardhi ya Tanganyika ilitangazwa kuwa ya umma. Wakoloni waliacha sehemu ndogo iliyokuwa imemilikishwa moja kwa moja tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuupanua mtindo huo, Julius Nyerere aliupinga katika maandishi aliyoyaita "Mali ya Taifa". Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikaufuta kabisa. Leo ardhi yote ni ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, na tunachoshika sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia: kwa hati ya miaka isiyozidi 99, au kwa mila bila ukomo wa miaka. Mwalimu anayetafsiri "ownership" kwa neno "umiliki" bila kueleza haya, amewafundisha watoto sheria ya nchi nyingine katika kipindi cha lugha.

Kuhusu miti, yule binti alisema kweli. Katika mila nyingi za pwani yetu, mti wa kudumu unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwingine. Aliyepanda mnazi ana mnazi. Anaweza kuurithisha, na aghalabu huweza kuuuza au kuuweka rehani, bila kugusa udongo. Ndiyo maana pia mwenye ardhi huwa mwangalifu kumruhusu mtu apande miti, ingawa humruhusu kwa urahisi alime mihogo. Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964 wakulima wasio na mashamba waliruhusiwa kulima vyakula chini ya mikarafuu na minazi ya wengine, lakini hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti ulikuwa dai. Muhogo unang'olewa baada ya mwaka ukaisha, lakini mkorosho unakaa hata wajukuu wakauliza ni wa nani. Watoto wa Masaki wanalijua hili kabla ya kujua kuandika, nasi tulilifuta ubaoni kwa dasta.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa, na mfano ninao katika wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, iliomba ardhi ya kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Vijiji 11 vikakubali kutoa, na mwaka 2009 kampuni ikapata haki ya kutumia zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99. Kisheria, ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya namna hiyo, ni lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla. Mwaka 2011 kampuni ilisimamisha kazi. Wanavijiji wengi walitarajia kuwa mgeni akiondoka ardhi inarudi kwa wenyewe, kama inavyorudi jembe lililoazimwa. Haikurudi hivyo, kwa kuwa ilipotoka kijijini ilibadilika jina, na kwa kubadilika jina ikabadilika na mwenyewe. Sitaki kuhukumu hapa nani alieleza nini katika mikutano ile. Ninachosema ni kwamba katika mikutano ya aina hiyo maneno "kutoa", "kukodisha", "kumilikisha" na "kuazima" hupita mdomoni kama visawe, na kila upande huondoka na maana yake. Mikataba yenyewe aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Anayeitwa awasomee wazee ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, tena huenda ni yule aliyefundishwa kwa alama ya sawasawa.

Wenzangu wamenijibu kwa hoja mbili nilipolizungumza jambo hili katika idara yetu. Ya kwanza ni muda. Mhutasari wa somo ni mrefu, mtihani wa taifa uko mlangoni, na mwalimu mwenye wanafunzi sabini hawezi kusimulia sheria ya ardhi kwa kila neno. Naikubali nusu. Maneno mengi yanatosheka na kisawe kimoja. Sina ugomvi na anayefundisha "spoon" kwa kuandika "kijiko". Lakini kuna maneno yanayobeba desturi nzima za watu, na maneno ya umiliki, ya ndoa, ya urithi na ya deni ni miongoni mwao. Hayo hayazidi machache katika mwaka mmoja. Kuyapa kipindi kizima si ubadhirifu.

Hoja ya pili ilisemwa na mkufunzi ninayemheshimu sana, kwamba somo la Kiingereza liendeshwe kwa Kiingereza, na kuingiza Kiswahili na mila za Uzaramo ni kurudi nyuma. Hapa sikubaliani naye hata kidogo. Mwanachuo yule hakuwa amekitoa Kiswahili nje ya darasa. Alikiingiza kwa mlango wa nyuma, kikiwa neno moja lisilo na maelezo, na hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kukitumia. Kama Kiswahili kitaingia, na katika shule zetu kitaingia tupende tusipende, basi kiingie mchana kweupe, kikiwa na jamii yake yote, kifanye kazi.

Namna ninayoipendekeza ni hii. Mwalimu asianze na kisawe. Aanze na kitu, kisha aulize swali moja: ni nani anayeweza kumkataza nani, na kumkataza kufanya nini? Shamba la mjomba: mjomba anaweza kumkataza jirani asilime, lakini hawezi kumkataza baba asiokote korosho zake. Mikorosho: baba anaweza kumkataza mjomba asiikate. Boksi la Panadol: mwenye jina anaweza kumkataza mwenye kiwanda kingine asiliandike jina hilo juu ya boksi lake, lakini hawezi kumkataza mtu yeyote asitengeneze paracetamol. Wanafunzi watajibu kwa lugha waliyo nayo. Mwalimu ayaandike majibu, na baada ya hapo tu ndipo aulize ni lipi kati ya hayo Mwingereza angeliita "proprietary". Watoto watalichagua boksi, na wataweza kusema kwa nini. Nimelijaribu hili mara tatu katika chuo chetu na wanachuo wa mwaka wa kwanza. Mara mbili lilifaulu. Mara ya tatu mjadala ulihamia kwenye mpaka wa shamba la mwanachuo mmoja na shangazi yake, kengele ikalia hatujafika popote.

Katika jaribio mojawapo tulivumbua jambo ambalo sikuwa nimelitazamia. Mwanachuo aliuliza: je, haiwezekani kabisa kuwa na mkorosho "proprietary"? Inawezekana. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, ya mwaka 2012, na mwaka 2015 nchi ilijiunga na umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Mtafiti au taasisi ikizalisha aina mpya ya mmea na kuisajili, inaweza kuwazuia wengine wasizalishe miche ya aina hiyo kwa biashara pasipo idhini. Basi mkorosho mmoja katika shamba la Masaki unaweza kuwa na wenyewe watatu kwa wakati mmoja: mjomba mwenye ardhi, baba mwenye mti, na mgunduzi mwenye aina. Katika hao, Kiingereza kingempa neno "proprietary" yule wa tatu peke yake, ambaye pengine hajawahi kufika Masaki. Sentensi ya binti ilihitaji kurekebishwa kidogo sana ili iwe sahihi, tena ingekuwa sahihi kuliko maelezo ya mwalimu wake na ya mkaguzi wake.

Wapo watakaouliza basi tafsiri yake iwe nini. Katika programu za kompyuta, waliotangulia walikuwa werevu. Programu zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua na kuzibadili waliziita "programu huria", na jina hilo lilienea pamoja na kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 ilitolewa programu ya ofisini kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kinyume cha programu huria, yaani zile zenye mwenyewe anayezuia, hakikupata jina lililokaa. Wengine husema "programu za kibiashara", na hilo ni kosa, maana huria nayo huweza kuuzwa. Inachekesha kidogo kuwa neno "huria" ndilo lile lile la "soko huria", ambalo ndilo lililotuletea zile nyingine. Kwangu mimi, "-a mwenyewe pekee" linatosha kwa darasani: jina la mwenyewe pekee, fomula ya mwenyewe pekee. Ni refu, na watu wa istilahi hawatalipenda. Lakini lina mwenye, lina upekee, na mtoto wa kidato cha pili analielewa bila kamusi. BAKITA wakitupatia lililo fupi zaidi nitalitumia.

Nimebakiwa na deni la mstari ule. Baada ya kipindi nilikaa na mwanachuo chini ya mwembe, kama ilivyo ada, tukazungumza juu ya sauti yake, mwandiko wake wa ubaoni na mgawanyo wa muda. Suala la mikorosho sikuligusa. Nililifikiria njiani nikirudi, na niliporudi Masaki juma lililofuata nilimwita tukaisoma tena sentensi ya binti pamoja. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kuwa kwao Rufiji bibi yake ana minazi sita katika shamba la watu, na kwamba alilijua jambo lile siku zote, ila hakudhani kuwa ni jambo la kusemwa katika somo la Kiingereza. Siku iliyofuata alilirudisha daftari kwa binti na kumwomba aeleze mbele ya darasa mikorosho ilivyopandwa, mwaka gani, na nani walikuwepo. Binti alieleza kwa Kiswahili, mwalimu akaandika kwa Kiingereza.

Katika daftari langu nimeukata mstari ule kwa wino mwekundu. Alama niliyompa haikubadilika, kwa kuwa fomu zilikwisha kupelekwa.